Jina Kabla ya Jiwe

Katikati ya Dar es Salaam, kwenye mzunguko wa Mtaa wa Samora, amesimama askari wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Alizinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, kwa kumbukumbu ya Waafrika waliotumika upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake Wajerumani walikuwa wameuwekea mji sanamu ya gavana wao wa zamani, Hermann von Wissmann, na miguuni pa gavana wakamweka askari Mwafrika anayemwinulia macho bwana wake. Baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, Wissmann alishushwa. Baadaye alisimamishwa tena Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo wakaja kumwangusha katika miaka ya 1960.

Ukiilinganisha na hiyo, sanamu ya 1927 ilikuwa hatua kubwa. Mwafrika yuko peke yake juu ya msingi wake, hamtazami mtu kwa chini. Naiheshimu kwa hilo. Lakini ina kasoro moja, na kasoro hiyo ndiyo sababu ya sura hii.

Mwaka 1928 Stevenson huyohuyo aliisimamishia Nairobi watu watatu wa shaba, kwenye barabara ambayo leo inaitwa Kenyatta. Mmoja wao ni mpagazi, na ni vyema kwamba alikumbukwa, maana jeshi lisilo na mabega ya wapagazi lisingesogea hata siku moja. Maneno yaliyo chini ya sanamu yalitungwa na Rudyard Kipling, nayo yanampa ahadi yule anayepigania nchi yake: hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Izunguke sanamu hiyo pande zote. Kisha nenda Mombasa, kuna ndugu yake. Rudi Dar es Salaam. Katika sanamu zote tatu hutakuta jina la mpiganaji wala la mpagazi hata mmoja.

Majina hayo yaliachwa kwa makusudi. Mwaka 1917 Uingereza iliunda tume ya kushughulikia makaburi ya vita, ile ambayo sasa ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ya msingi ilikuwa nzuri sana: kila aliyekufa aandikwe jina lake, kwenye kaburi lake au kwenye mnara, awe jenerali au kuruta, bila kujali rangi wala dini. Ulaya kanuni hiyo ilifuatwa. Huku kwetu haikufuatwa. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, Wahindi, Waafrika wa Mashariki na wa Magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Ikakiri pia kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni.

Katika kumbukumbu za miaka ile umo msimamo wa gavana wa Tanganyika wa wakati huo, nao ni mgumu kuusoma. Alitaka makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo, na hakupenda hata kuifikiria idadi ya Waafrika waliopotea. Watu karibu milioni moja walibebeshwa mizigo upande wa Waingereza, wengi kwa kukamatwa na kulazimishwa, hasa mwaka 1917 ulipopita msako mkubwa wa kuandikisha wanaume katika Afrika Mashariki ya Kiingereza. Waliuawa zaidi na kuhara damu, malaria, nimonia na chakula kibovu kuliko risasi. Wanahistoria wanakadiria vifo vyao kuwa karibu laki moja. Kambi zao zilituachia majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na maelfu ya watu wananunua vitenge na nyanya humo kila siku bila kujua kwamba wanapita juu ya kumbukumbu hiyo.

Basi hoja yangu ni hii. Kijiji, kata au mji unapotaka kuwajengea wanajeshi wake mnara, kazi ya kwanza na iliyo kubwa kuliko zote ni kukusanya majina. Sisi tumezoea kuanzia upande wa pili. Kunatafutwa mchoro, kunapangwa harambee, kunaalikwa mgeni rasmi, zege linamwagwa, na siku tatu kabla ya uzinduzi mtu anauliza kibaoni paandikwe nini. Inapatikana sentensi moja ya jumla kuhusu mashujaa wetu wote. Hapo tumerudi kwenye ahadi ya Kipling, ahadi ya jina iliyoandikwa mahali pasipo na jina.

Mfano bora wa kazi iliyoanzia mahali pake ninaoufahamu uko Marekani, na inafaa tukae nao kidogo kwa sababu ulianzishwa na mwanajeshi wa cheo cha chini asiye na fedha wala jina. Jan Scruggs alipigana Vietnam akiwa koplo wa askari wa miguu, akajeruhiwa mwaka 1969. Alirudi katika nchi iliyokuwa inaionea haya vita hiyo, na kwa kuionea haya vita ikawaonea haya na watu wake. Machi 1979, baada ya kutazama filamu iitwayo The Deer Hunter, alikesha akiwafikiria wenzake aliowaona wakifa. Akaamua kujenga mnara wenye jina la kila Mmarekani aliyekufa katika vita hiyo. Hapo hakuwa na umbo la mnara kichwani. Alikuwa na orodha.

Alianza na dola 2,800 zake mwenyewe. Ilipofika Julai 4 mwaka huo, mchango wote uliotoka kwa umma ulikuwa dola 144 na senti 50, na televisheni ikalitangaza hilo, watu wakacheka. Wenye moyo mwepesi wangeishia hapo. Yeye na wastaafu wenzake waliendelea kuandika barua, kugonga milango ya wabunge, kuomba. Mwishowe walipata zaidi ya dola milioni 8 kutoka kwa wachangiaji zaidi ya 275,000. Serikali ilitoa kiwanja tu, karibu na mnara wa Abraham Lincoln pale Washington. Fedha za kujengea zilitoka kwa watu, kampuni na vyama.

Shindano la mchoro lilikuwa na masharti machache yaliyofikiriwa vizuri. Mnara ubebe majina yote. Uwe mahali pa mtu kutulia na kutafakari. Upatane na mazingira yake. Usitoe tamko lolote la kisiasa kuhusu vita yenyewe. Sharti hili la mwisho ndilo lililookoa kazi nzima, kwa sababu miongoni mwa wazazi wa marehemu walikuwamo waliounga mkono vita na walioilaani, na wote walikuwa na mtoto wa kumlilia. Michoro 1,421 iliwasilishwa, kila mmoja ukiwa na namba badala ya jina la mchoraji, waamuzi wasije wakampendelea mtu mashuhuri. Namba 1,026 ikashinda. Alikuwa msichana wa miaka 21, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, jina lake Maya Lin.

Alichora kuta mbili za mawe meusi yaliyong'arishwa, zinazoingia ardhini na kukutana kama kiwiko. Ziliibuka kelele. Wengine walisema weusi ule ni aibu, wengine walitaka sanamu la shujaa mwenye bendera, na wengine, inasikitisha kusema, walilalamikia asili ya Kichina ya mchoraji. Maafikiano yaliyofikiwa yaliongeza sanamu ya askari watatu kando ya ukuta mwaka 1984. Ni sanamu nzuri. Lakini watu wanapiga magoti kwenye ukuta. Wanatafuta jina, wanaligusa kwa vidole, wanaweka karatasi juu yake na kusugua penseli hadi jina litokee, wanakwenda nalo nyumbani.

Ubishi wenye faida zaidi kwetu ulihusu mpangilio. Lin alitaka majina yafuate tarehe, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, ili waliokufa siku moja katika pambano moja wawe pamoja ukutani kama walivyokuwa pamoja siku ile. Wapinzani wakataka alfabeti, wakisema mzazi atahangaika kulitafuta jina la mwanawe. Ilipoletwa orodha ya serikali, ilionekana kuna watu zaidi ya 600 wenye jina la ukoo la Smith. Ukuta wa alfabeti ungekuwa daftari la simu. Wakakubaliana na tarehe, na penye njia ya kuingilia kikawekwa kitabu cha orodha kinachoonyesha kila jina liko jiwe la ngapi na mstari wa ngapi. Tatizo la kutafuta likaisha kwa kitabu, na heshima ya wale waliokufa pamoja ikabaki ukutani.

Kuna alama ndogo kando ya kila jina. Umbo la almasi linamaanisha kifo kimethibitishwa. Msalaba unamaanisha mtu hajulikani aliko. Mabaki yake yakipatikana, mchongaji anarudi na kuugeuza msalaba kuwa almasi. Ukuta ulipozinduliwa Novemba 1982 ulikuwa na majina karibu 58,000, na tangu hapo yameongezwa mengine mia kadhaa. Siku chache kabla ya uzinduzi majina yote yalisomwa kwa sauti katika Kanisa Kuu la Kitaifa la Washington, usiku na mchana, kwa zamu.

Hata hivyo orodha ile ya serikali ilikuwa na makosa. Yapo majina yaliyochongwa vibaya, na zaidi ya watu 30 waliorudi hai walijikuta wamechongwa pamoja na marehemu. Mtu akishachongwa jiweni hafutiki kwa kifutio. Kama nchi yenye makarani na mashine za kutunza kumbukumbu ilifikwa na hayo, kijiji chetu kinapaswa kuwa na uangalifu mara mbili.

Afrika nayo imetoa jibu lake hivi karibuni. Januari 2025, katika bustani ya Company's Garden mjini Cape Town, ulizinduliwa mnara wa watu weusi 1,772 wa Afrika Kusini waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza wakifanya kazi za uchukuzi na vibarua barani Afrika. Kila mmoja amepewa nguzo yake ya mti wa mvule, yenye jina lake na tarehe ya kifo. Karne nzima waliambiwa hawana kumbukumbu. Kumbe majina yalikuwapo kwenye karatasi za jeshi muda wote huo, yakingoja mtu wa kuyafungua. Nguzo za mvule hazikugharimu uvumbuzi wowote wa ajabu. Kilichokuwa kimekosekana ni nia ya kusoma orodha.

Turudi Tanzania. Kila Julai 25 tunaadhimisha Siku ya Mashujaa. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, buruji inapigwa. Ni ibada ya taifa na ina uzito wake. Kaboya, wilayani Muleba, wamezikwa wanajeshi waliokufa katika vita vya Kagera. Naliendele, Mtwara, wamezikwa wale waliofia Msumbiji. Makaburi hayo yako mikononi mwa jeshi na serikali, na yanatunzwa. Kinachokosekana ni ngazi ya chini, pale mtu alipozaliwa, alipoaga mama yake, alipoacha mke na shamba la migomba au mikorosho. Mtoto wa shule ya msingi huko hana mahali pa kuona kwamba babu wa jirani yake alivuka mpaka wa Mtukula mwaka 1979.

Tena walikuwa wengi. Idi Amin wa Uganda alipotuvamia mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi letu lilipanuliwa kwa miezi michache hadi likapita watu 100,000, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo walikuwa mgambo: wakulima, walimu, watumishi. Kampala ilichukuliwa Aprili 11, 1979. Mgambo wengi walirudishwa makwao, wakavua magwanda, wakashika jembe. Hawa ndio mnara wa kijiji unapaswa kuwafikia kwanza, kwa sababu ukumbusho wao uko vichwani mwa watu wachache tu.

Kazi ya kukusanya majina ianze hivi: nunueni daftari kubwa lenye jalada gumu. Wapite vijana wenye mwandiko mzuri, kitongoji kwa kitongoji, kaya kwa kaya, wakiongozana na mzee anayejulikana, wakauliza: katika ukoo huu nani aliwahi kutumikia jeshi? Aliondoka mwaka gani, kikosi gani, alirudi lini? Kama hakurudi, habari ililetwa na nani? Waanze na akina mama na wajane. Kwa uzoefu wa yeyote aliyewahi kukusanya historia ya ukoo, mwanamume atakusimulia vita na mwanamke atakwambia jina kamili la aliyekufa, mwaka wa njaa alioondoka, na mtoto aliyekuwa mgongoni siku hiyo.

Kila jina lithibitishwe na mashahidi wawili wasio wa nyumba moja, au shahidi mmoja na karatasi: barua ya jeshi, kitambulisho, nishani, picha iliyoandikwa nyuma. Hili litaudhi baadhi ya familia. Livumilieni. Tahajia ni tatizo la pekee, kwa kuwa mtu huwa na jina la nyumbani, jina la dini, na lile ambalo karani wa jeshi alilisikia na kuliandika anavyojua. Yaandikwe yote daftarini, na familia iamue lipi lichongwe. Kisha orodha ibandikwe ofisi ya kijiji, msikitini, kanisani na shuleni kwa miezi kadhaa, isomwe kwa sauti mkutanoni, watu wasahihishe. Asichongwe mtu kabla ya hapo.

Nani aingie? Swali hili ndilo huvunja kamati, kwa hiyo lijibiwe mapema na liandikwe. Mimi ningefungua mlango mpana. Mpagazi wa 1917 aingie hata kama alitumikia mfalme asiyemjua, kwa sababu kamba ilikuwa shingoni. Askari wa King's African Rifles (K.A.R.) aliyepelekwa Burma mwaka 1944 aingie. Aliyekufa Msumbiji, aliyekufa Kagera, na yule aliyekufa akilinda amani Darfur mwaka 2013 au Semuliki nchini Kongo mwaka 2017. Waliorudi hai nao waandikwe, upande wao, maana mnara unaongoja mtu afe ndipo umheshimu umechelewa. Pabakizwe nafasi tupu jiweni kwa ajili ya majina yatakayogunduliwa. Yatagunduliwa.

Mengine yote ni mepesi kuliko hayo. Kiwanja kipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyotaka, na mihtasari itunzwe, kwani eneo lisilo na karatasi litageuzwa vibanda siku moja. Shule ya msingi au zahanati ni jirani mzuri: watu wanapita kila siku na kuna wa kufagia. Epukeni vibao vya shaba, soko la vyuma chakavu halina heshima kwa mashujaa. Rangi juu ya saruji hufutika baada ya masika chache. Jiwe la kawaida lililochongwa herufi za kina, kwenye ukuta mfupi unaofikiwa na mkono wa mtoto na wa bibi aliyekaa kwenye kiti, linatosha. Fundi mwashi wa palepale anaweza kulijenga. Fedha zikipungua, punguzeni urefu wa ukuta, msipunguze jina. Na nakala ya daftari ipelekwe makao makuu ya wilaya na Idara ya Nyaraka za Taifa, kwa maana mawe nayo hubomolewa.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa vita vya Kagera amekwishavuka 65. Mama aliyemzaa, ambaye ndiye anayejua jina lake lote, kama bado yupo ana miaka 80 na ushee. Mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu, shehe, padri, na wewe mjukuu unayesoma ukurasa huu ukiwa mjini: mchoro na saruji vinaweza kungoja mwakani. Daftari haliwezi. Liende kwa wazee hao mwezi huu.